Bendi Iliyozeeka na Wimbo Usiozeeka

Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Msemo huu hutolewa aghalabu kwa kumwonya mwenye majivuno, na watu wengi huukubali bila ya kuupima. Katika sanaa ya muziki, hata hivyo, msemo huu una upungufu mmoja: hautuambii sauti ilikwenda wapi baada ya ngozi kupasuka. Huenda ngoma imekwisha tupwa jaani, na mlio wake ungali katika vinywa vya watu ambao hawakuiona kamwe. Huenda pia ngoma ikawa nzima, wala hapana aisikilizaye. Katika insha hii nataka, ewe msomaji, tuipime bendi moja ya pwani ya Kenya iliyovuma, ikazeeka, ikapungukiwa na wasikilizaji, lakini wimbo wake mmoja ukawa mali ya dunia nzima. Tukisha kuipima hiyo, tutautazama muziki mpya unaosikika leo Kisauni, Likoni na Changamwe, ili tuone kama mizani ile ile yaweza kuupima nao.

Bendi yenyewe ni Them Mushrooms, iliyojulikana baadaye pia kwa jina la Uyoga. Iliundwa mwaka wa 1972 na ndugu wa ukoo wa Harrison, nao Teddy Kalanda na John Katana walikuwa miongoni mwao. Ili uielewe kazi yao yakupasa kwanza uielewe ardhi waliyoifanyia kazi. Mji wa Mombasa ni kisiwa, na bara imekizunguka kisiwa hicho pande tatu: Kisauni kaskazini, Likoni kusini, na Changamwe magharibi. Katika miaka ya 1970 na 1980 watalii wa Ulaya walimiminika pwani kwa maelfu. Ndege ziliwateremsha upande wa Changamwe. Waliokwenda fukwe za kusini walivuka kwa feri ya Likoni. Waliokwenda Bamburi na Shanzu walipita Nyali na Kisauni, na mwaka wa 1980 daraja jipya la Nyali lilifunguliwa mahali pa lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji. Hivyo pande zote tatu za bara zikawa njia ya mgeni. Kila hoteli kubwa ilitaka bendi ya kumtumbuiza mgeni huyo jioni, na vijana wenye magitaa wakapata kazi ambayo baba zao hawakuijua.

Kazi ya bendi ya hoteli ina sharti lake. Msikilizaji wa mtaani hukaa na mwimbaji wake miaka mingi. Huijua lugha yake, huyafumbua mafumbo yake, na akiimbiwa upuuzi hulalamika. Msikilizaji wa hoteli hukaa wiki mbili, kisha hurejea kwao, na mahali pake huja mwingine asiyejua neno hata moja. Mwimbaji wa hoteli basi sharti aeleweke papo hapo, au ataviimbia viti. Kutokana na sharti hili ulizaliwa wimbo wa Jambo Bwana, uliotungwa na Teddy Kalanda na kutolewa katika santuri mwaka wa 1982. Nakala zaidi ya 200,000 ziliuzwa. Mwaka wa 1983 kundi la Boney M, lililokuwa na makao yake Ujerumani ya Magharibi, liliimba wimbo huo kwa namna yake na kuusambaza Ulaya. Hapa nyumbani bendi za Mombasa Roots na Safari Sound ziliuimba. Khadja Nin wa Burundi naye akauimba. Leo ni nadra mtalii kupita pwani yetu bila ya kuusikia.

Sasa tuuhukumu wimbo huo kwa haki, na haki huanza kwa kumpa mtu sifa anayostahili. Wako wasomi wanaoucheka Jambo Bwana kwa kuwa ni mwepisi. Wanasahau kwamba wepesi wa namna hii ni kazi ngumu. Utazame ulivyojengwa. Ni maamkizi na majibu, kama watu wawili wanaokutana njiani. Kila kifungu ni kifupi, na kila kifungu kina maneno ambayo mgeni aweza kuyatumia asubuhi ya pili anapokutana na mpishi au mfagizi. Sauti yake haipandi juu sana wala haishuki chini sana, hata asiye mwimbaji aweza kuifuata bila ya kuaibika. Kwa hakika huu ni somo la lugha lililovikwa nguo ya muziki, na walimu wengi wa Kiswahili hawajapata kutunga somo lililokumbukwa na watu wengi kama hilo. Mtu wa Hamburg asiyeweza kuionyesha Mombasa katika ramani aweza kuwaamkia watu wa Mombasa kwa lugha yao. Mtungaji aliyelifanya jambo hilo kwa dakika chache hakufanya kazi ndogo.

Lakini baada ya sifa huja swali. Je, Kiswahili alichofundishwa mgeni huyo ni kipi? Wewe unayekaa Kisauni au Likoni wajua kwamba sisi kwa sisi hatuamkiani kwa neno jambo peke yake. Twasema hujambo, na mwenzetu hujibu sijambo. Mdogo humwambia mkubwa shikamoo, naye huitikiwa marahaba. Waislamu hupeana salamu ya amani. Katika maamkizi yetu umo umri, umo ukoo, imo heshima. Mtu akikuamkia waweza kujua anakuhesabu kuwa nani kwake. Maamkizi ya wimbo yameyaondoa hayo yote, kwa sababu mgeni wa wiki mbili hana umri wala ukoo mbele yetu. Yeye ni bwana tu. Na yale maneno hakuna matata, ambayo katika nakala nyingine yamekuwa ndiyo jina la wimbo, si maneno yanayotoka mara nyingi katika kinywa cha mtu wa pwani. Yeye husema hakuna taabu, au hapana neno, au hamna shida. Mgeni alifundishwa lugha ya mapokezi, akaenda zake akidhani kwamba ameijua lugha ya nyumba.

Lugha hiyo ya mapokezi ikasafiri mbali zaidi. Mwaka wa 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya simba, The Lion King, yenye wimbo wake mwingine uliojengwa juu ya maneno hakuna matata. Mwaka wa 2003 kampuni hiyo ilisajili maneno hayo kule Marekani kuwa alama yake ya biashara. Sheria ile haimkatazi mtu yeyote kuyatamka, wala haina nguvu juu ya mazungumzo ya sokoni. Hata hivyo jambo hili latupa funzo: msemo ukisha kukatwa katika mti wa lugha na kufungwa kama shada la maua, ni rahisi mwingine kuuchukua na kuutia chapa yake. Methali ndefu yenye mizizi yake ni vigumu kuiba. Neno la mapokezi hubebwa na kila apitaye.

Upungufu wa pili ni mzito kuliko huo wa maneno. Wimbo unaoahidi kwamba hapana taabu hauna mahali pa kuweka taabu inapokuja. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1997 ghasia zilizuka Likoni. Kituo cha polisi kilishambuliwa, watu wengi waliuawa, na maelfu ya wengine, hasa waliotoka bara ya mbali, walizikimbia nyumba zao. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2002 hoteli moja ya Kikambala, kaskazini ya Mombasa, ilishambuliwa kwa bomu. Kila mara wageni walitoweka, na vyumba vya hoteli vikabaki vitupu. Mwenye hoteli aliye na vyumba vitupu hupunguza wapishi, hupunguza wafagizi, na bendi huwa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa kwaheri. Tazama basi kinyume kilichokuwapo: nyimbo zilizowaambia wageni kwamba kwetu ni salama zilikoma kupigwa pale usalama ulipohitaji kuimbwa. Haikuwa kosa la mtungaji mmoja. Lilikuwa kosa la kazi nzima iliyomfanya msanii amtazame mgeni mchana na usiku, akakipa kisogo kijiji kilicho nyuma ya hoteli.

Huenda utauliza: kama wimbo ulivuma hivyo, kwa nini bendi haikuvuma nao daima? Jibu ni kwamba wimbo uliimeza bendi. Kila aliyeuimba upya aliongeza umbali kati yake na mtungaji. Mtalii aliununua kwa nakala ya Safari Sound, kijana wa Ulaya aliusikia kwa Boney M, na mtoto wa shule aliufundishwa na mwalimu wake kana kwamba ni wimbo wa kale usio na mwenyewe. Teddy Kalanda alifariki mwaka wa 2024. Laiti ungewauliza watu mia wanaoujua wimbo wake jina la aliyeutunga, sidhani kwamba wengi wangeweza kukutajia.

Tulinganishe hali hii na mfano wa mbali, ili ionekane vizuri zaidi. Mwaka wa 1974 vijana wanne wa New York waliunda bendi iitwayo Ramones. Muziki wao ulikuwa wa namna iitwayo punk, yaani muziki wa vijana wenye hasira na haraka, wenye magitaa ya kishindo na nyimbo fupi. Santuri yao ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 1976, ina nyimbo 14, na zote pamoja hazitimizi nusu saa. Siku zile haikununuliwa na wengi. Bendi ilivunjika mwaka wa 1996 bila ya kupata utajiri wa sifa. Mwaka wa 2014 ndipo santuri ile ilipotunukiwa cheti cha dhahabu, ambacho kule Marekani hutolewa nakala zikitimia 500,000. Wakati huo watatu kati ya wale wanne walikuwa wamekwisha kufa, na wa nne alifuata mwaka huo huo. Leo vijana huvaa fulana zenye jina la Ramones hata kama hawawezi kuutaja wimbo wao mmoja. Kwao jina limekwenda mbele na nyimbo zimebaki nyuma. Kwa bendi yetu wimbo umekwenda mbele na jina limebaki nyuma. Mifano hii miwili yatuonyesha kwamba sifa haimfuati msanii kama kivuli kimfuatavyo mtu. Sifa ina njia zake, huchelewa au huwahi, humkuta mwenyewe au hubisha hodi katika nyumba ya jirani.

Yafaa pia tuzitaje sababu nyingine zilizoipunguza enzi ya bendi kubwa, kwa kuwa si zote zilikuwa za sanaa. Bendi kama ile ina watu wengi: wapiga magitaa, mpiga ngoma, mpiga kinanda, waimbaji. Wote wanakula, wote wana nauli. Kaseti zilipoenea, wezi wa kunakili waliuza nyimbo za watu bila ya kuwalipa. Kisha mashine za muziki zikawa rahisi, na mtu mmoja aliye na kisanduku chake akaweza kuichezesha hadhara ambayo zamani ilihitaji watu wanane. Mwenye ukumbi alipiga hesabu, na hesabu haikuwapendelea wanane. Them Mushrooms wenyewe walihamia Nairobi mwaka wa 1987, wakafuata studio na kumbi za mji mkuu. Msikilizaji aliyesema kwamba bendi imechuja huenda alikuwa anasema tu kwamba uchumi umegeuka.

Na bado kuna mfano mwingine ulio karibu nasi zaidi, nao watuonyesha njia ambayo haikuanzia hotelini. Katika Kisauni kuna kijiji cha Freretown, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka wa 1875 kuwa makao ya watu waliokombolewa katika utumwa. Huko aliishi mpiga saksafoni Joseph Ngala, anayeitwa kwa heshima Mzee Ngala, ambaye jina lake limeungana na muziki wa bango. Bango ni mchanganyiko: imo jazi, yamo mahadhi ya taarabu, zimo ngoma za Wamijikenda, nayo saksafoni huongoza kama mzee aongozaye msafara. Muziki huu haukupata Boney M wake. Hapana mtoto wa Ulaya aliyefundishwa bango shuleni. Lakini harusi nyingi za watu wa pwani hazikamiliki bila ya bango, na inapopigwa, bibi na mjukuu huinuka pamoja. Hadhira yake ni wenyeji, na wenyeji hawana msimu. Huoa na kuolewa mwaka mzima, hoteli ikiwa imejaa au imefungwa. Mwaka wa 2020, maradhi ya korona yalipofunga mipaka na kumbi, muziki wote ulinyamaza. Lakini muziki wa harusi ulijua kwamba harusi zitarudi. Muziki wa mgeni haukujua kama mgeni atarudi.

Je, natoa hukumu kwamba Them Mushrooms walikosea na Mzee Ngala alipatia? La, msomaji, usiharakishe. Kumhukumu msanii kwa wimbo wake mmoja ni sawa na kumhukumu mkulima kwa embe moja. Bendi hii ilifanya kazi nyingine ambazo hazikubebwa na watalii, nazo ndizo zinazostahili kusikilizwa zaidi na wewe. Iliichukua chakacha, ambayo ni ngoma ya wanawake wa Kiswahili katika harusi, ikaipandisha katika magitaa bila ya kuyavunja mapigo yake. Wimbo wao wa Embe Dodo unalishika tunda la shambani ili kusema jambo jingine, kama ilivyo desturi ya mafumbo ya pwani. Hapo msikilizaji ni mwenyeji, kwa kuwa fumbo halifumbuliwi kwa wiki mbili. Walirekodi pia pamoja na Malika, mwimbaji wa taarabu, na taarabu ni sanaa isiyomsubiri asiyejua lugha.

Kazi yao iliyo bora kuliko zote kwa maoni yangu ni ile waliyoifanya pamoja na Fundi Konde. Mpiga gitaa huyu alizaliwa mwaka wa 1924, akavuma katika miaka ya 1940 na 1950 kwa nyimbo kama Tausi, kisha zama zikampita. Alikuwa mzee aliyekwisha kusahauliwa na vijana wakati Them Mushrooms walipomwita studioni na kuzipiga nyimbo zake upya pamoja naye. Fundi Konde alifariki mwaka wa 2000, lakini kabla ya kufa alisikilizwa mara ya pili, na kizazi ambacho hakikuwapo siku zake kilijifunza jina lake. Bendi iliyokuwa yenyewe inaanza kuzeeka ilinyosha mkono nyuma na kumshika aliyeitangulia. Wimbo wa mapokezi uliwapa sifa; kazi hii iliwapa nasaba.

Sasa tuje kwa muziki mpya. Katika matatu zinazotoka Changamwe kwenda mjini, na katika vibanda vya Likoni karibu na feri, husikii tena bendi. Wasikia bongo fleva kutoka Dar es Salaam, amapiano kutoka Afrika Kusini, na nyimbo za vijana wa Mombasa wenyewe zilizotengenezwa kwa kompyuta katika vyumba vidogo. Wazee wengi huulaumu muziki huu. Husema kwamba hauna vyombo, hauna maadili, na haukumbukwi mwaka ukipita. Lawama ya kwanza si nzito. Gitaa nalo lilikuwa chombo cha kigeni lilipofika pwani, na baba wa Fundi Konde angeweza kulilalamikia vile vile. Kompyuta ni chombo. Hukumu hutolewa juu ya mpigaji. Lawama ya pili ni ya kweli kwa nyimbo nyingine na ya uongo kwa nyimbo nyingine, kama ilivyokuwa katika kila zama. Lawama ya tatu ndiyo yenye uzito, nayo nitairudia.

Kwanza yatupasa tukubali kwamba muziki mpya umefanya jambo ambalo bendi za hoteli hazikuthubutu: umezisema taabu kwa majina yao. Katika miaka ya 1990 lilianza Mombasa kundi la vijana wa muziki wa kufoka lililoitwa Ukoo Flani, ambalo baadaye liliungana na wenzao wa Dandora, Nairobi, likaitwa Ukoo Flani Mau Mau. Mwaka wa 2004 walishiriki katika albamu ya Kilio cha Haki. Jina hilo peke yake lawekwa mkabala na hakuna matata kama usiku na mchana. Waliimba juu ya umaskini, polisi, kazi isiyopatikana na vijana wanaopotea. Hasira yao ilikuwa jamaa ya hasira ya wale wa punk wa New York na London, ingawa chombo kilikuwa kingine: huko gitaa la kishindo, huku maneno yanayokwenda mbio. Naye Nyota Ndogo, mwimbaji wa kike wa pwani aliyefanya kazi za ndani katika nyumba za watu kabla ya kujulikana, aliimba kwa Kiswahili chepesi mambo ya watu wa kawaida. Katika wimbo wake wa Watu na Viatu, tangu jina lenyewe, amekiweka kitu kidogo cha mlangoni kando ya binadamu ili tufikiri. Hiyo ni kazi ya mshairi.

Nairudia sasa ile lawama ya tatu, kwamba nyimbo mpya hazidumu. Sababu yake si kompyuta wala ujana. Sababu ni kwamba mgeni amerudi kwa sura nyingine. Zamani mgeni alikuwa mtu aliyeshuka katika ndege na sanduku lake. Mgeni wa leo hana sanduku wala pasipoti: ni hesabu ya watazamaji katika simu. Kijana wa Magongo anayetunga wimbo akiwaza hesabu hiyo huangalia kinachopendwa Dar es Salaam au Johannesburg wiki hii, akakiiga, ili yule asiyemjua asimpite. Kama mwimbaji wa hoteli, naye anamwimbia mtu atakayekaa kidogo na kuondoka. Na huyu wa simu hakai hata wiki mbili. Hukaa nusu dakika. Hivyo tofauti kati ya muziki wa kale na muziki mpya si kubwa kama tulivyodhani. Katika zama zote mbili wako wanaomwimbia mpita njia, na wako wanaomwimbia jirani. Wa kwanza huvuma upesi. Wa pili huchelewa, lakini huitwa tena katika harusi.

Haya hayakatazi kumwimbia mgeni. Ukarimu ni sifa yetu, na mtu asiyemwamkia mgeni ni mkosa adabu. Lakini nyumba njema ina baraza na ina chumba cha ndani. Mgeni hupokewa barazani kwa kahawa na tabasamu. Mambo mazito ya nyumba husemwa ndani. Jambo Bwana ni wimbo wa barazani, na katika baraza hauna mshindani. Msiba ulikuwa kwamba kwa muda mrefu watu wenye nguvu ya fedha walitaka nyumba nzima iwe baraza. Watunzi walioweza kurudi ndani, kama Them Mushrooms walivyorudi kwa Fundi Konde, waliiokoa sanaa yao ingawa hawakuiokoa sifa yao.

Basi usikiapo wimbo, wa mwaka huu au wa mwaka wa 1982, usianze kwa kuuliza umesikilizwa na watu wangapi. Uliza kwanza unasema na nani. Jibu utalipata katika lugha yake: kama maneno yamepunguzwa ili yamfae asiyekujua, au kama yamebeba umri, ukoo na mafumbo ya mahali. Uliza pili kama unamwambia huyo msikilizaji kweli, hata ikiwa kweli ndogo ya mapenzi au ya viatu. Uliza tatu kama mtunzi amemkumbuka aliyemtangulia, kwa kumtaja, kwa kumlipa au kwa kumwita studioni. Wimbo uliojibu vizuri maswali haya waweza kukosa sifa leo, na usiojibu hata moja waweza kupigwa katika kila matatu. Usiushangae wa kwanza wala usiuonee wivu wa pili.

Vijana wa Ukoo Flani, waliokuwa wapya miaka ya 1990, leo ni watu wazima, na wadogo zao wanawaita wa zamani. Wale wanaoimba leo Kisauni wataitwa hivyo hivyo kabla ya mvi zao kuota. Mwisho huo hauepukiki kwa bendi yoyote. Lililo katika uwezo wetu sisi wasikilizaji ni dogo, lakini ni haki ya msanii juu yetu: tujue jina la mtunzi. Wimbo ule wa maamkizi utaendelea kuimbwa pwani maadamu mgeni anafika. Wewe unayeusoma ukurasa huu, utakapousikia tena, utajua kwamba uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison, na utaweza kumwambia aliye karibu nawe.